Mshale Kwenye Bomba la Nne

Nje jua limeshaanza kuwaka na watu wanajipepea kwa chochote kilicho karibu, lakini Bi Tope anafunga vifungo vya koti la sufu mpaka shingoni, anashusha kofia ya kufuma hadi masikioni, na miguuni amevaa soksi mbili mbili kama mtu anayekwenda milimani. Anavuta mlango mzito wa chumba cha baridi. Anaingia. Mlango unajifunga nyuma yake kwa mguno mdogo, kama mtu aliyemeza kitu kikubwa.

Ndani kuna rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini. Juu ya rafu hizo zimelala nusu za mabomba ya plastiki, moja baada ya nyingine, kama mikate mirefu kwa mwokaji. Kila nusu imejaa tope. Kila moja imeviringishwa nailoni, na kwenye ncha yake imewekewa kipande cha sifongo chenye maji.

Anaanza na rafu ya chini, kwa sababu, anasema, magoti yake yana adabu asubuhi tu. Anabonyeza sifongo kwa kidole. Iliyokauka anaichovya kwenye ndoo, anaikamua kidogo isidondoshe matone, anairudisha mahali pake. Anapitisha kiganja juu ya nailoni kutafuta tundu. Kisha anasogea kwenye nusu inayofuata, na inayofuata.

"Ukilisahau linapasuka," anasema bila kuinua kichwa. "Tope halina tofauti na ngozi ya mtoto mchanga. Halisemi kitu, linaonyesha tu."

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa zaidi ya nusu ya maisha yake: kutunza matope yasikauke.

Mtaani kwake wameicheka kazi hiyo mpaka wamechoka, na kicheko kilipokwisha kikaacha jina la Bi Tope. Fundi viatu wa pale kona humuuliza kila jioni tope limeamkaje. "Limeamka salama, limesema ulipe viatu vyangu ulivyovishona vibaya," humjibu, na kupita.

Lakini tope hili si la kuokotwa njiani. Limetolewa chini ya ziwa lile lile linaloupa mji huu maji. Kila mwaka ziwa hushusha chini yake utando mwembamba: vumbi lililopeperushwa, majani yaliyooza, majivu, magamba ya konokono wadogo kuliko punje ya mtama. Utando wa mwaka huu hulala juu ya ule wa mwaka jana, na hakuna mtu anayeingia huko chini kuupekua. Kwa hiyo ukisimika bomba refu katika sakafu ya ziwa na kulivuta juu taratibu, unapata miaka imesimama kwa mpangilio, ya kale chini na ya karibuni juu.

Bi Tope anaonyesha kwa kidole, bila kugusa. Palipo na tope jeusi, maji yalikuwa mengi na kina kirefu. Palipo na tope jeupe lenye chumvichumvi na magamba, maji yalikuwa yamepungua. Mstari mwekundu ni mvua kubwa iliyokokota udongo wa mashamba. Vidoa vyeusi kama masizi ya sufuria ni moto uliounguza vichaka.

"Vyombo vya kupima mvua vimekuja juzi juzi tu," anasema mkuu wa maabara, mwanamke mwembamba ambaye kila mtu humwita Daktari ingawa hajawahi kumtibu mtu. Majirani wa Bi Tope bado humtuma ampelekee habari za vikohozi vyao. "Tukitaka kujua mvua ilikuwaje kabla ya babu wa babu zetu, hatuna wa kumuuliza. Lipo tope tu."

Bomba likifika hapa hupasuliwa kwa urefu. Plastiki hukatwa kwa msumeno, na tope la ndani hugawanywa kwa waya mwembamba, kama mwenye duka anavyokata mche wa sabuni. Zinapatikana nusu mbili. Moja huitwa nusu ya kazi. Hiyo hukatwa vipande vya upana wa kidole, vikachujwa, vikachomwa, vikapimwa, mpaka trei ikabaki na makombo. Ya pili huitwa nusu ya akiba. Hiyo haiguswi.

Haiguswi hata usoni. Waya unapopita kwenye tope huacha uso umepakazika kijivu chote, usione jeusi wala jeupe. Nusu ya kazi hukwanguliwa siku ile ile ili rangi zake zionekane. Nusu ya akiba huviringishwa hivyo hivyo na upakazi wake, kwa maana kukwangua ni kuondoa ngozi, na ngozi ya tope hairudi.

Ipo desturi ya nyumba hii, iliyoachwa na mkuu wa kwanza ambaye siku hizi ni mtu wa kukaa barazani: nusu ya akiba haikwanguliwi mpaka watu wawili wakubali, mkuu wa maabara na mtunzaji. Mmoja akikataa, inarudi rafuni.

Mwaka huu mtunzaji alikataa.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kwanza kumjua mumewe, aliyefariki miaka minne iliyopita kwa maradhi ya kifua. Alikuwa fundi wa kusimika mabomba ziwani. Yeye na wenzake walifunga mashua mbili kwa mbao zikawa chelezo kimoja, katikati wakaacha uwazi wa kushushia bomba. Wenzake walimwita Mshale.

Jina lilitoka kwenye kazi. Bomba likishatoka majini, upande wa juu na upande wa chini unafanana kama vidole vya mkono mmoja. Ni plastiki na tope, basi. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote fundi huchora mshale unaoelekeza juu, kwa wino usiofutika, na mpaka mshale umechorwa mkono wake hauachi bomba. Akiliachia likalazwa, ameshawachanganya wazee na vijana.

"Alikuwa anaota mishale," anasema Bi Tope, na uso wake unalegea kidogo. Mumewe alichora mshale kwenye mtungi wa gesi. Alichora kwenye godoro, wajue upande wa kichwani. Walipohamia vyumba viwili anavyopanga Bi Tope hadi leo, kila boksi lilikuwa na mshale, hata la viatu. Binti yao, ambaye sasa ni msusi na ana watoto wake, anakumbuka alivyoingia darasani siku ya kwanza na mshale kwenye begi, watoto wenzake wakamuuliza kama ni mzigo wa kuvunjika.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe.

Ziwa linapungua. Si habari ya kuambiwa. Gati la zamani limesimama kwenye majani makavu kama kitanda kilichotolewa nje kuanikwa. Mabomba ya mjini yanatoa maji kwa zamu, na nusu ya mshahara wa Bi Tope ikishakwenda kwenye kodi, sehemu kubwa ya iliyobaki inakwenda kwa muuza maji na madumu yake. Mwanzoni mwa mwaka mamlaka ya maji ilimuuliza Daktari jambo moja: ziwa hili limewahi kukauka huko nyuma? Na kama lilikauka, liliondoka vipi, na lilirudi vipi?

Jibu lilikuwa kwenye rafu. Mshale na wenzake waliwahi kusimika mabomba katika ghuba ya magharibi, bomba moja chini ya jingine, sita kwa jumla. Ghuba hiyo leo haina maji, na waliobaki pale ni wafyatuaji wa matofali, ambao wameshachimba na kuchoma kila kilichokuwa chini. Hakuna wa kurudi kuchimba tena. Picha zilizopigwa siku ya kupasua mabomba ziliondoka na kompyuta iliyoibwa. Zilizobaki ni nusu za akiba, na vipimo vya zile nusu za kazi zilizokwisha.

Daktari alipanga vipimo hivyo kwenye meza ndefu, bomba la kwanza likafuatwa na la pili, mpaka la sita. Yote yaliungana kasoro la nne. Kichwa chake hakikufanana na miguu ya la tatu, wala miguu yake na kichwa cha la tano. Alipoligeuza kichwa chini miguu juu, likaingia mahali pake kama mguu kwenye kiatu chake.

Lakini kuingia mahali pake hakukuwa ushahidi wa kutosha. Tope la kwenye ncha huwa laini kama uji, huweza kudondoka ziwani likaacha pengo, na mapengo mawili yakawadanganya watu. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili: ama tope fulani lilidondoka, ama mshale wa bomba la nne ulichorwa kinyume.

Na bomba la nne ndilo lililokuwa na tope jeupe. Ndilo lililobeba ukame.

Ukilisoma kwa mshale wa marehemu, ziwa lilipungua polepole, kizazi baada ya kizazi, kisha maji yakarudi kwa kishindo. Ukiligeuza, ziwa liliondoka ghafla na likachukua muda mrefu mno kurudi. Watu wanaongoja maji wangependa sana habari ile ya kwanza.

Daktari alimwambia Bi Tope habari hizo kabla ya mtu mwingine yeyote, kwenye chumba cha chai, akiwa amefunga mlango. Bi Tope anakumbuka kwamba alikuwa akisuuza vikombe, na aliendelea kusuuza.

"Nilimwambia, mwanangu, mume wangu alikosea mengi. Alikosea kununua ile pikipiki. Alikosea kumkopesha kaka yake. Lakini mshale hakukosea."

Daktari aliomba nusu ya akiba ya bomba la nne ikwanguliwe usoni. Huenda ndani yake mlikuwa na alama ya kuonyesha upande: mzizi uliokua kwenda chini, au ufa wa udongo uliokauka. Bi Tope alikataa. Alisema akiba ni akiba, haifunguliwi kwa kushuku. Maneno hayo yalikuwa sahihi, na alijua yalikuwa sahihi, na bado usiku alijigeuzageuza kitandani.

"Moyoni nilijua ninalinda nini," anasema. "Haikuwa tope."

Daktari hakumlazimisha. Badala yake alimpa njia ya heshima. Angeandika kwamba bomba la nne halikutumika kwa sababu halikuungana na mengine, mabomba mengi huachwa hivyo, na jina la fundi lisingetajwa popote. Alimweleza pia, kwa kuwa hapendi kuficha, kwamba bila bomba la nne taarifa ingesomeka kama vile ziwa halijawahi kukauka.

Bi Tope aliitikia kwa kichwa, akavaa koti lake, akarudi kwenye baridi. Alikaa humo mpaka vidole vikauma.

Siku hizo ndipo alipokuja Nanga.

Nanga alikuwa mwenzake Mshale kwenye chelezo. Ni mtu mnene, mcheshi, ambaye sasa anatengeneza redio na feni mlangoni kwake. Jina la Nanga alilipata siku alipoanguka ziwani akaenda chini moja kwa moja, na kisa hicho amekisimulia kila mahali: harusini, kwenye foleni ya kliniki, hata kwenye matanga ya Mshale mwenyewe, ambako watu waliokuwa wakilia walijikuta wakicheka na kulia kwa pamoja.

Jumapili moja mchana binti yake Bi Tope alikuwa barazani kwa mama yake, akimsuka mteja. Nanga alivuta kigoda akapewa chai. Mteja hakuwahi kusikia kisa, na hilo lilitosha.

Alianza na upepo, ulioshuka bila kubisha hodi. Chelezo kikainuka upande mmoja. Yeye alikuwa amesimama ukingoni, koti la kujiokolea akiwa amelikalia asubuhi nzima kama mto kwa sababu mbao zilimchoma makalio. Mara akaona anga iko miguuni. Hajui kuogelea, hajawahi kujua, kazini alidanganya. Akaingia majini mara ya kwanza, akatoka, akaingia mara ya pili, na safari hiyo akawa na uhakika kwamba hatoki.

"Mara nasikia mkanda unanibana tumboni," alisema, akasimama kuonyesha, tumbo mbele. "Ni Mshale huyo. Kalala kifudifudi juu ya mbao, kanidaka mkanda kwa mikono miwili, ananivuta kama mtu anayevuta gunia la chumvi. Na matusi juu yake!"

Mteja alicheka mpaka binti akamwambia atulize kichwa. Bi Tope naye alikuwa ameshaanza kucheka, kama alivyocheka miaka yote. Kisha akaacha.

"Kwa mikono miwili, shemeji?"

"Miwili. Mmoja ungeniweza mimi?"

"Bomba lilikuwa mikononi mwa nani?"

Nanga alibaki amesimama, mikono ingali imeshika mkanda wake mwenyewe. Alifikiri. Alisema bomba lilikuwa limetoka majini wakati ule ule, ndiyo, Mshale alikuwa amelishika, akisubiri kalamu. Alisema lilikuwa lile lililonuka kama yai viza. Alisema baada ya pale yeye alilazwa akitapika maji, na alipoinua kichwa aliliona bomba limelala kwenye mbao, na Mshale amepiga magoti kando yake, analitazama upande huu, analitazama upande ule.

Bi Tope analijua bomba lililonuka kama yai viza. Lilipopasuliwa walifungua madirisha yote. Ni la nne.

Vidole vya binti vilikuwa vimeganda kwenye nywele za mteja. Mteja aliuliza mbona kusuka kumesimama.

"Shemeji," alisema Nanga, na sauti yake haikuwa tena ile ya kisa, "mimi kisa hiki huwa nachekesha watu."

"Najua."

"Bomba sijawahi kulifikiria hata siku moja."

"Hata mimi. Nimekicheka kisa chenyewe hata matangani."

Nanga aliketi. Chai yake ilipoa, na kwa wanaomjua hilo si jambo dogo.

Mteja alipoondoka, binti alimshauri mama yake anyamaze. Baba hayupo, alisema, na Daktari mwenyewe ameshatoa njia, kwa nini mtu amkokote marehemu mbele ya watu? Bi Tope hakumkatalia. Alikwenda uvunguni akatoa boksi la viatu, lile lenye mshale, akalitazama kwa muda. Kisha akamuuliza binti yake kama madumu ya maji yamejazwa. Binti akajibu muuza maji hakupita, na mtaa mzima unamngoja.

"Nilimwambia, basi unaona. Wote hawa wanangoja," anasimulia. "Sasa mimi nikae na jibu uvunguni?"

Asubuhi ya kazi alimkuta Daktari kwenye ngazi na kumwambia kila kitu pale pale, wamesimama, watu wakipita kushoto na kulia. Alimaliza kwa kusema kwamba maneno ya Nanga si ushahidi, ni maneno ya mtu aliyekuwa anazama. Kisha akatamka lile ambalo ni yeye peke yake angeweza kulitamka.

"Nimekubali. Ila nitakwangua mwenyewe."

Nanga aliitwa. Alisimama kwenye chumba cha meza ndefu, akiwa amevalishwa koti la maabara lisilofunga tumboni, mikono nyuma. Daktari alisimama upande wa pili. Bi Tope alifungua nailoni polepole, pindo kwa pindo, kama anavyofunguliwa mtoto aliyelala. Harufu ya yai viza ilikuwa bado ipo, ila imechoka.

Kukwangua kuna namna yake. Unatumia ukingo wa kipande cha kioo, na unakwenda kwa upana, kutoka ukuta huu wa bomba hadi ule. Huendi kwa urefu hata siku moja, usije ukaukokota ukame ukaupaka kwenye masika. Na kila mpito mmoja unapangusa kioo. Bi Tope alipita, akapangusa. Alipita, akapangusa. Kijivu kikatoka kama ukungu wa kioo cha kujitazamia, na chini yake rangi zikaanza kujitokeza.

Kuanzia kwenye ncha ya mshale lilikuja tope jeusi, zito, linalong'aa. Likaendelea. Kisha ghafla likakatika, na chini yake likaanza jeupe. Na pale zilipokutana, kutoka kwenye jeupe, yalichomoza meno matatu, mapana kwenye shina na membamba kwenye ncha, yakapanda juu na kuingia ndani ya jeusi.

Bi Tope aliyaona kwanza. Aliendelea kukwangua mpaka mwisho wa bomba, kwa kuwa uso hauachwi umeoshwa nusu. Kisha akaweka kioo mezani.

"Nyufa zinapanda," alisema.

Mtu yeyote aliyeona dimbwi lililokauka anajua ufa unavyokaa. Udongo hupasuka kuanzia juu. Mdomo wa ufa ni mpana, unaangalia jua, na kadiri unavyoshuka unazidi kuwa mwembamba. Baadaye upepo huleta mchanga na vumbi jeupe, mdomo ukajazwa. Ufa hauwezi kuanzia chini ukapanda juu. Nyufa za bomba la nne, kwa mshale ule, zilikuwa zinapanda.

Daktari alishika trei kwa mikono yote miwili na kuizungusha taratibu, kichwa kikaenda miguuni. Sasa meno yakaning'inia chini, kama yalivyotakiwa.

"Likatulia," anasema Bi Tope. "Kama mgonjwa aliyegeuzwa kitandani akavuta pumzi."

Nanga alikuwa amevua kofia. Baadaye, kwenye ngazi, alimwambia Bi Tope kwamba laiti angejifunza kuogelea. Bi Tope alimjibu kwamba laiti angevaa koti badala ya kulikalia, na hapo wote wawili wakacheka kidogo, kisha kila mmoja akatazama upande wake.

Yaliyosomwa kwenye bomba hilo si mazuri. Daktari anayaeleza kwa sauti ya chini, akichagua maneno. Zamani sana, mvua zilipogeuka, ziwa hili liliondoka ndani ya umri wa mtu mmoja. Aliyecheza kwenye maji yake utotoni angeweza kutembea juu ya sakafu yake iliyopasuka akiwa mzee. Kurudi kwake kulichukua vizazi na vizazi. Daktari amewaandikia hivyo mamlaka ya maji. Wamemwita mara mbili, wamemsikiliza, na wameanza kuzungumzia visima na mabwawa badala ya kungoja. Kuzungumza bado si kuchimba, lakini hawasemi tena kwamba ziwa lina desturi ya kurudi lenyewe.

Ndani ya taarifa, pale anapoeleza kwa nini bomba la nne limegeuzwa, Daktari ameweka sentensi moja ambayo wenzake walimwambia haina kazi katika maandishi ya aina hiyo. Inasema fundi aliachia bomba ili kumwokoa mtu. Alikataa kuitoa.

Ulibaki mshale wenyewe. Daktari alileta pamba na spiriti ili ufutwe, uchorwe upya. Bi Tope alizirudisha zote mbili. Alichukua kalamu, akachora mshale wake kando ya ule wa mumewe, ukielekea upande mwingine.

Nusu hiyo sasa iko kwenye rafu ya katikati, usawa wa macho. Mshale mmoja ni mnene, umelala kidogo, umechorwa na mkono uliolowa maji na kutetemeka. Wa pili ni mwembamba, umenyooka. Bi Tope anabonyeza sifongo yake kama zote, wala haipi muda zaidi ya nyingine. Labda kidogo.

"Watu wanafikiri nilitaka mume wangu awe sawa kwa ajili ya jina lake," anasema. "Ni kweli. Lakini nilitaka awe sawa pia kwa sababu habari yake ndiyo iliyokuwa nzuri. Ziwa linaondoka polepole, linarudi mbio. Nani hataki hiyo?"

Mwisho wa mwaka huu anastaafu. Kiinua mgongo hakitakuwa cha kutajika, na binti yake anataka ahamie kwake amsaidie watoto. Ameshakubali, ila kwanza ana safari moja. Daktari amepata ruhusa ya kusimika mabomba mapya katikati ya ziwa, mahali ambapo maji bado yapo, na Bi Tope ameomba aende. Miaka yote hii matope yamekuja kwake. Yeye hajawahi kukanyaga chelezo.

Hajui kuogelea. Nanga, naye, bado hajui, lakini ameapa kuwapo, akiwa amevaa makoti mawili na kufungwa kamba kwenye nguzo kama mbuzi. Kalamu ya wino usiofutika Bi Tope ameshainunua. Iko kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la sufu, na anaitoa kuionyesha.

"Nitachora bomba likiwa bado linadondosha maji," anasema. "Mkono wangu hauachi mpaka mshale umekauka. Ndivyo alivyonifundisha."

Anairudisha kalamu mfukoni, anachovya sifongo kwenye ndoo, anaikamua.

"Lakini mtu akianguka," anasema, "nitaliachia."